Nani Aseme Mtoto Anachemka?

Hoja iliyo mezani: kila nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 iwe na kipimajoto, na homa isitajwe bila namba.

MUUGUZI: Naiunga mkono hoja hii yote, mwanzo hadi mwisho. Asubuhi foleni ya zahanati ikianza, kina mama wanaingia na neno lile lile: "Sista, mtoto anachemka." Nauliza amechemka kiasi gani. "Sana." Tangu lini? "Tangu usiku." Usiku saa ngapi? Hapo mama anaanza kutafuta kwenye kumbukumbu, maskini, maana hakulala. Mimi nampima saa hiyo napata 37.8, na sina cha kulinganisha nacho. Homa inapanda? Inashuka? Inakuja na kuondoka? Mama angenijia na kikaratasi kimeandikwa "saa nane usiku, kwapani, 39.1", ningeanza kazi nikiwa na nusu ya habari tayari.

MAMA: Sista, kwa heshima zote, nikueleze yaliyonipata. Mwanangu aliwahi kuniunguza mkono usiku kucha. Alfajiri nikampa panadol, nikambeba mgongoni, nikapanda daladala. Kufika kwenye zahanati moja akapimwa: 36.9. Nikaambiwa, "Mama, mtoto hana homa, nenda naye nyumbani." Jioni akachemka upya, macho yamelegea. Kesho yake nikampeleka kwingine, wakamtoboa kidole, malaria. Sasa niambie, siku ile nani alisema kweli, mkono wangu au kile kidude?

MUUGUZI: Kidude kilisema kweli ya saa ile. Aliyekosea ni aliyesoma namba akaacha kuuliza swali linalofuata: umempa dawa gani, na umempa saa ngapi? Paracetamol ikishaingia, joto linashuka kwa saa kadhaa, halafu linarudi kama ugonjwa bado upo. Hilo analijua kila aliyepita chuo cha uuguzi. Tusikilaumu kipimajoto kwa uvivu wa mtu.

MAMA: Lakini mtu huyo alikuwa na namba mkononi, na namba ndiyo iliyompa kiburi cha kunirudisha. Asingekuwa nayo angenisikiliza.

DAKTARI: Niingie hapo, maana mama ana haki kuliko anavyodhani. Mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa tunaoufuata, ule wa IMCI ulioandaliwa na WHO na UNICEF miaka ya 1990, unahesabu homa kwa njia tatu. Mama akieleza kwamba mtoto amekuwa na homa, ni homa. Mtoto akiguswa akawa wa moto, ni homa. Kipimo cha kwapani kikifika 37.5 au zaidi, ni homa. Moja kati ya hizo inatosha, na kwenye eneo la malaria mtoto huyo anatakiwa apimwe malaria. Kwa hiyo yule aliyemrudisha mama na 36.9 hakufuata mwongozo, aliuvunja.

MUUGUZI: Daktari, tuseme pia ni kwa nini uliandikwa hivyo. Kigezo cha kugusa kiliwekwa kwa ajili ya zahanati isiyo na kipimajoto, au yenye kimoja kilichokwisha betri. Ni uvumilivu kwa upungufu. Tusiugeuze upungufu kuwa sifa.

MUUZA DAWA: Nami nina la kusema kutoka dukani, maana wengi wanaanzia kwangu kabla ya kufika kwenu. Mama anakuja saa saba mchana, jua la utosi, mtoto amevikwa sweta na kofia na kuzungushiwa khanga mbili. "Anachemka, nipe dawa ya malaria na ya antibayotiki." Ukimgusa mtoto kweli ni wa moto. Ukimvua nguo, mkamkalisha kivulini mkaongea kidogo, ukimgusa tena amepoa kama wewe. Mkono ukiwa ndiyo ushahidi wa mwisho, mimi nitauza dawa kutwa nzima kwa watoto wasiougua. Na nisipouza, duka la jirani litauza.

DAKTARI: Hilo limechunguzwa. Jarida la BMJ mwaka 1998 lilichapisha utafiti uliofanywa Lusaka, Zambia, ambapo kina mama waligusa watoto kabla ya kipimajoto kuwekwa. Mkono uliona homa nyingi kuliko zilizokuwepo. Lakini upande wa pili una uzito vilevile: mama akisema mtoto hana homa, mara nyingi sana alikuwa sahihi. Tafiti zilizokusanywa baadaye kutoka nchi mbalimbali zinaelekea huko huko. Mkono ni mzuri wa kusema hapana. Ukisema ndiyo, hapo unahitaji msaidizi.

MAMA: Basi mmekiri. Mkono usio na betri wala bei unapunguza foleni ya sista kwa watoto wote wale ambao sisi tumewagusa usiku, tukaona wako sawa, tukalala. Hao hamuwahesabu kwa sababu hawaji.

MUUGUZI: Nakubali kwa mtoto wa miaka mitatu. Kwa kichanga sikubali hata kidogo. Mama mmoja alikuja kliniki na mtoto wa wiki mbili, anamsifia: mtulivu, halii, ananyonya kidogo analala. Alikuwa amemgusa akamwona hana joto, roho yake imetulia. Nikafuta kwapa, nikaweka kipimajoto, nikasubiri. 35.1. Nikaweka kwapa la pili, 35.1 tena. Kichanga mzima anatakiwa awe kati ya 36.5 na 37.5, na akishuka chini ya 35.5 hiyo ni dalili ya hatari, sawa tu na akifika 38. Vichanga wengi maambukizi yakiwaingia kwenye damu hawachemki, wanapoa. Tulimweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, tukaita gari. Mkono gani ungeliona hilo? Mkono wa mama uliotoka kufua kwa maji ya baridi humwona kila mtoto wa moto. Mkono wa mama mwenye homa yake mwenyewe humwona kila mtoto wa baridi.

MAMA: Hilo limeniingia, sista, siwezi kulipinga. Ila umesema mwenyewe alikuwa ananyonya kidogo na kulala. Mama yangu mzazi angeshtuka kwa hilo tu. Mtoto wa wiki mbili asiyedai ziwa si mtulivu, ni mgonjwa. Mnatufundisha namba mpaka tunasahau kumtazama mtoto.

DAKTARI: Na dalili za hatari za mtoto mkubwa kidogo, zile zilizobandikwa ukutani kwenye vituo vyetu, hazina namba hata moja. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu. Amepata degedege. Amelegea au hajitambui. Mtoto mwenye mojawapo ya hizo na kipimo cha 36.8 ni mgonjwa mahututi. Mtoto mwenye 39 anayekimbiza mpira uani anaweza kuwa na mafua tu. Ningetaka kila anayenunua kipimajoto alijue hilo kabla hajakitoa kwenye boksi.

MUUZA DAWA: Wanaonunua hawalijui, daktari. Mtu akishakuwa nacho anapima kila robo saa. Akiona 38.2 anampa paracetamol, akiona 38.4 anaongeza kabla ya saa zake, kisha anamwagia mtoto maji ya baridi mpaka anatetemeka. Ukiuliza kwa nini, jibu ni moja: anaogopa degedege.

MAMA: Na nani asiyeogopa? Aliyewahi kumwona mtoto wake macho yamegeuka, meno yameumana, hawezi kuambiwa asiogope.

DAKTARI: Hofu hiyo naiheshimu. Ila degedege la homa, linalowapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, halingoji namba fulani. Linaweza kuja wakati joto ndiyo kwanza linapanda, kabla mama hajajua kama kuna homa. Kumpa mtoto paracetamol mapema hakujaonekana kulizuia. Tunaitoa ili mtoto apate nafuu, anywe, alale. Mwongozo unaitaja kwa joto la 38.5 na kuendelea. Kumfukuzia mtoto namba ishuke usiku kucha ni kumchosha bure. Likimpata, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpeleke kituoni. Na huku kwetu kwenye malaria degedege lolote ni la kwenda kituoni, hata likiwa limeisha.

MUUZA DAWA: Turudi kwenye hoja yenyewe. Inasema kila nyumba iwe na kipimajoto. Kipi? Nina cha kidijitali chenye ncha ya chuma. Nina cha sikioni. Nina kile cha kuelekeza kwenye paji la uso bila kugusa, ndicho watu wanachokitaka tangu 2020, kwa sababu walikiona kwenye milango ya benki na maduka makubwa. Mimi mwenyewe nilielekezewa kimoja nimetoka juani, jasho linanitiririka, kikasoma 34.8. Mlinzi akaniambia, "Pita, bosi, uko vizuri." Mtu mwenye 34.8 ya kweli anatakiwa kuwa wodini, hatakiwi kuwa kwenye foleni ya benki.

MUUGUZI: Jasho lilipoza ngozi yako, na kile kifaa kinasoma ngozi. Kinapokea joto linalotoka kwenye ngozi, halafu kinakadiria joto la ndani kwa hesabu kilichowekewa kiwandani. Ukikishika mbali kuliko inavyotakiwa, namba inashuka. Feni ikikupuliza, inashuka. Ukisimama juani ukiwa mkavu, inapanda. Vingine vina kitufe cha kubadilisha kati ya kupima mtu na kupima kitu, kama maji ya mtoto au chupa ya maziwa. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, siku nzima mnapima watu kama mnapima chupa.

MAMA: Halafu huo ndio mnaita ushahidi, na mkono wangu ni dhana.

DAKTARI: Mama, kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2022 jarida la JAMA lilichapisha utafiti kutoka hospitali za Atlanta, Marekani. Walilinganisha kipimo cha kwenye paji la uso na cha mdomoni kwa mgonjwa yule yule. Kwa wagonjwa weusi, kipimo cha usoni kilikosa homa ambazo cha mdomoni kilizikamata. Kwa wagonjwa wazungu tofauti hiyo haikuonekana. Sisi tunaonunua vifaa hivi kwa wingi tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza vilijaribiwa kwenye ngozi za nani.

MUUGUZI: Hata hivyo nitavitetea kwa jambo moja, na hapa nazungumza na mama na mkono wake. Ebola ilipokuwa Kivu Kaskazini na Ituri kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi watu walipita kwa maelfu kila siku, wachuuzi na wanafunzi, wakinawa mikono na kupimwa joto bila kuguswa. Kagera mwaka 2023, Marburg ilipotangazwa, ilikuwa hivyo hivyo. Magonjwa yale yanapita kwenye jasho, kwenye matapishi, kwenye damu. Anayeambukizwa kwanza ni mama anayemgusa mwanawe, dada anayemwogesha, muuguzi anayemshika. Mkono wenye huruma ndio unaochukua ugonjwa. Kifaa kisichogusa, pamoja na kasoro zake zote, kilimwezesha mhudumu kurudi nyumbani kwake akiwa mzima.

MAMA: Hapo sina jibu.

DAKTARI: Lakini ule upimaji wa mpakani wenyewe haukutosha, na tuliokuwa karibu na kazi ile tunajua. Ebola na Marburg hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya kuonyesha dalili. Mtu anaweza kupita mpakani asubuhi na 36.6 ya kweli kabisa, akaanza kuchemka baada ya siku kumi. Ndiyo maana aliyemgusa mgonjwa anafuatiliwa siku 21, anapimwa joto kila siku nyumbani kwake, na namba inaandikwa. Kinachokamata ugonjwa ni ule mfululizo wa vipimo vya mtu mmoja.

MUUGUZI: Na ndicho ninachokidai tangu mwanzo! Kikaratasi. Saa, mahali, namba.

MAMA: Sawa, sista, tuseme ninacho. Nifanyeje? Maana mnasema "pima" kama vile ni kuwasha taa.

MUUGUZI: Chukua cha kidijitali chenye ncha ya chuma, cha bei ya chini kabisa. Mpakate mtoto, mvue nguo ya juu, asubiri kidogo kama ametoka kuoga au kukimbia. Futa jasho la kwapa kwa kitambaa kikavu. Ncha iingie pale katikati ya shimo la kwapa, iguse ngozi pande zote, isitokeze nyuma na isishike nguo. Shusha mkono wake, uubane kifuani, umkumbatie usiuachie. Kikilia, wengi huchomoa hapo hapo. Mimi nawaambia wasome kwanza maelekezo ya kwenye boksi, maana vingine kwapani vinahitaji muda zaidi baada ya mlio. Soma, andika na saa. Usiongeze kitu, usipunguze. Kwapa husoma chini kuliko mdomo, na mdomo husoma chini kuliko njia ya haja kubwa, kwa hiyo ukiniandikia mahali nitajua mwenyewe cha kufanya na namba yako. Na kesho upime kwapa lile lile. Mdomoni usimpime mtoto mdogo, atakitafuna. Mkubwa umpime mdomoni nusu saa baada ya chai.

MUUZA DAWA: Na vile vya kioo vyenye zebaki? Wazee bado wanavidai, wanasema ndivyo vya kweli.

DAKTARI: Kwa usahihi vilikuwa vizuri, tukivitingisha mpaka zebaki ishuke chini ya 35 na kuviacha kwapani dakika za kutosha. Vinaondoka kwa sababu ya zebaki yenyewe. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza, kuviingiza nchini na kuviuza nje ya nchi, isipokuwa nchi zilizoomba muda zaidi. Kikivunjika nyumbani, ondoa watoto, fungua madirisha, usifagie kwa ufagio maana utaitawanya. Zikusanye zile chembe kwa karatasi ngumu, zifungie kwenye chupa yenye kifuniko. Usizitupe jikoni motoni wala chooni.

MAMA: Daktari, hii 37 mnayotushikia, nani aliiweka? Maana mimi nikijipima asubuhi na jioni sipati kitu kimoja.

DAKTARI: Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig, Ujerumani, alitoa kitabu mwaka 1868 baada ya kupima maelfu ya wagonjwa kwapani, kwa vipimajoto virefu vilivyochukua karibu robo saa kusoma. Akasema wastani wa mtu mzima asiyeugua ni 37, na pia akaeleza kwamba joto hupanda na kushuka ndani ya siku. Watu walishika namba, wakaacha maelezo. Mwaka 1992 watafiti wa Maryland, Marekani, walipima watu wazima 148 wenye afya, mdomoni, wakapata wastani wa 36.8, na chini kabisa ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, juu kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Kimoja cha vipimajoto vya Wunderlich kipo makumbusho Philadelphia. Walipokijaribu kilisoma juu kuliko vya kisasa kwa zaidi ya digrii moja. Kwa hiyo 37.3 ya saa kumi na moja jioni si sawa na 37.3 ya alfajiri, na mama hakosei kuona tofauti.

MUUZA DAWA: Kama kipimajoto cha aliyeiweka hiyo 37 kilikuwa na kasoro, vya dukani kwangu je? Bucha la jirani yangu mizani yake hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, inapigwa muhuri, ili mteja asipunjwe robo kilo ya nyama. Vifaa tiba vina mamlaka yake, TMDA, na vinavyoingia kihalali vinasajiliwa. Lakini kikishauzwa, kikaanguka sakafuni mara kumi, kikakaa mwaka mzima kwenye droo ya zahanati, nani anarudi kukilinganisha na kingine? Kinaonyesha namba yenye nukta, na watu wakiona nukta wanaamini.

MUUGUZI: Sisi tunaweza kulinganisha wenyewe. Viwili kwenye kwapa moja, kimoja baada ya kingine. Vikipishana sana, kimoja kinaenda kwenye taka. Ni kazi ya dakika chache, ila nakubali haijawekwa popote kama wajibu.

MAMA: Basi nami niweke langu. Nina pesa ya kitu kimoja mwezi huu. Kipimajoto, au nauli ya kumfikisha mtoto zahanati siku akilegea?

DAKTARI: Nauli.

MUUGUZI: Daktari!

DAKTARI: Nauli, sista. Mtoto aliyelegea hapimwi nyumbani, anapelekwa. Kipimajoto kisichoambatana na nauli kitamwambia mama jambo asiloweza kulifanyia kitu.

MUUGUZI: Na nauli isiyoambatana na kipimajoto inaliwa na safari za mtoto aliyevikwa sweta mchana. Hata nauli ina hesabu yake.

MAMA: Mimi napendekeza hoja ikatwe vipande viwili. Kila nyumba iwe nacho, sawa, yeyote atakayetusaidia kukipata nitamshukuru. Lakini lile la "homa isitajwe bila namba" liondolewe. Nikija na mkono tu, nisirudishwe.

MUUGUZI: Kwa mtoto wa zaidi ya miezi miwili nitakubali liondolewe. Kwa aliye chini ya hapo nalitaka libaki, lakini libaki kwetu, lisibaki kwa mama. Kichanga yeyote akiletwa, kwa sababu yoyote, hata chanjo, apimwe joto kabla hajakaa kwenye benchi. Asiyempima kichanga ndiye aulizwe.

MUUZA DAWA: Na kipimajoto cha hapo kwenye benchi kilinganishwe na kingine kila Jumatatu.

MUUGUZI: Kila Jumatatu. Niandike.

MAMA: Na nikisema alichemka saa nane usiku, nikampa panadol?

MUUGUZI: Naandika hilo juu, namba yangu naiweka chini yake, halafu nampima malaria.